Serikali ya Mseto ya 1962: Mawaziri wa KANU na KADU, na Shauri la Pwani

Marikiti ya Mombasa ilijengwa mwaka 1914, ikapewa jina la Sir William Mackinnon, mkuu wa ile kampuni ya Kiingereza iliyoshika Pwani kabla ya Serikali ya Uingereza kuja yenyewe. Jina hilo halikukaa vinywani mwa watu. Wenyeji waliliita soko lao Marikiti tu, na ndivyo liitwavyo hata leo. Mazao ya mahali pengi hukutana humo: nazi za Kilifi, machungwa na maembe ya Kwale, mboga za milima ya Taita, viazi vya bara, na viungo vya kila namna. Mchele upo na pojo zipo, nazo pojo wengine huziita choroko. Vitu hivyo viwili vikitiwa katika chungu kimoja huwa ni mseto, chakula akijuacho kila mtu aliyekulia Mvita.

Kila mpishi ajua pia taabu ya mseto. Pojo hukawia kuiva na mchele huiva upesi, na asiyevipa vitu hivyo kila kimoja wakati wake huandaa chakula ambacho nusu yake ni uji na nusu yake ni changarawe. Serikali inayoundwa na vyama viwili vilivyokuwa vikishindana huitwa kwa Kiswahili serikali ya mseto, na jina hilo laifaa sana ile iliyoundwa Kenya mwezi wa Aprili 1962, ambamo KANU na KADU waliketi katika Baraza moja la Mawaziri kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo.

Ili kufahamu kwa nini watu hao waliwekwa pamoja, yapasa kurudi nyuma kidogo. Vyama vyote viwili vilizaliwa mwaka 1960, baada ya mkutano wa kwanza wa Lancaster House huko London. KANU iliundwa mwezi wa Mei, Bwana James Gichuru akiwa Rais wake wa kwanza, Bwana Oginga Odinga akiwa Makamu, na Bwana Tom Mboya akiwa Katibu Mkuu. KADU ilifuata mwezi wa Juni, ikaunganisha vyama vya makabila yaliyohofu kumezwa na makabila makubwa. Miongoni mwa vyama hivyo kilikuwamo chama cha Waafrika wa Pwani, na kiongozi wa KADU akawa Bwana Ronald Ngala, Mgiriama, mwalimu aliyesoma Alliance na Makerere, kisha akafundisha Mombasa. Watu wa mji walimjua kabla ya siasa za Nairobi kumjua, maana alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, na mwaka 1954 aliingia katika Halmashauri ya Mji.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulitoa jambo la ajabu. Katika viti 33 vilivyokuwa wazi kwa watu wote, KANU ilipata 19 na KADU 11. Kwa hesabu ya kura tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kwani karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikuwa wamekichagua KANU. Hata hivyo aliyeshinda alikataa kutawala. KANU walisema hawataingia serikalini maadamu Mzee Jomo Kenyatta amezuiliwa. Gavana, Sir Patrick Renison, hakukubali kumwachilia wakati huo, basi mwezi wa Aprili Bwana Ngala na KADU wakakubali kuunda Serikali pamoja na kundi la Wazungu la Bwana Michael Blundell. Kwa kuwa wajumbe wao hawakutosha, Gavana akawaongezea wajumbe wa kuteuliwa ili Serikali isimame. Wapinzani wao hawakuacha kuwakumbusha jambo hilo hadharani.

Mzee Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Mwezi wa Oktoba akawa Rais wa KANU, na mwanzo wa 1962 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti alichoachiwa na Bwana Kariuki Njiiri. Kwa hiyo mkutano wa pili wa Lancaster House ulipofunguliwa tarehe 14 Februari 1962, kila upande ulikuwa na kiongozi wake kamili. Walibishana kwa majuma saba. KANU walitaka Serikali moja yenye nguvu, yenye makao yake Nairobi. KADU walitaka majimbo, kila jimbo liwe na Baraza lake na mamlaka yake juu ya ardhi, polisi, na shule, na mara kwa mara walitaja Uswisi, nchi ndogo yenye lugha nyingi ambayo watu wake hujitawala kwa mikoa. Waziri wa Makoloni, Bwana Reginald Maudling, aliona kwamba hataweza kuwapatanisha katika kila neno. Tarehe 6 Aprili mkutano ukaisha kwa makubaliano ya msingi tu: kutakuwako Serikali ya kati yenye nguvu, na kutakuwako majimbo yenye haki zilizolindwa na Katiba, na Bunge litakuwa na nyumba mbili. Maneno yaliyobaki, nayo yalikuwa mengi, yangemalizwa Nairobi na Serikali ambayo ndani yake vyama vyote viwili vina sehemu sawa.

Hivyo wale walioshindwa kuafikiana London kwa majuma saba waliagizwa waende wakaafikiane nyumbani, tena huku wakiendesha nchi.

Orodha ya mawaziri yastahili kutazamwa kwa makini, kwani mtu aliyeigawa alikuwa na mizani mkononi. Juu kabisa waliwekwa Mawaziri wa Nchi wawili wenye cheo sawasawa. Mzee Kenyatta alipewa Mambo ya Katiba na Mipango ya Uchumi. Bwana Ngala alipewa Mambo ya Katiba na Utawala. Katiba, basi, ilikuwa na mabwana wawili, na hakuna mmoja aliyeweza kuandika mstari bila mwenzake kuukubali. Lakini sehemu ya pili ya vyeo hivyo haikulingana. Utawala maana yake ni Maprovisho Komishna na Madisii, yaani watu ambao mkulima wa Kaloleni au Wundanyi aliwajua kwa sura, wenye kuamua baraza liitwe lini na chifu awe nani. Mipango ya Uchumi ilikuwa meza yenye karatasi nyingi. Mzee wa KANU, mwenye wafuasi wengi kupita wote, alipewa karatasi, na mwalimu kutoka Pwani akapewa ofisi zenye bendera mlangoni.

Fedha ilikwenda kwa Bwana Gichuru wa KANU. Chama chake kilikuwa kimemtaja Bwana Odinga kwa kazi hiyo, lakini Waingereza hawakumtaka kwa sababu ya safari zake katika nchi za Kikomunisti, naye akabaki nje ya Baraza la Mawaziri. Kwa watu wa KANU hilo lilikuwa tusi. Wako waliotaka chama kisiingie serikalini kabisa bila yeye, na si ajabu kwamba katika miaka iliyofuata Bwana Odinga hakusahau jinsi wenzake walivyokubali kuingia mlangoni yeye akiachwa barazani.

Bwana Mboya alipewa Kazi, na uteuzi huo ulieleweka upesi mjini Mombasa kuliko mahali pengine. Mwaka 1955, makuli wa bandari walipogoma, yeye ndiye aliyekuja kuzungumza kwa niaba yao hata wakapata nyongeza. Sasa aliketi upande wa pili wa meza. Mwezi wa Oktoba 1962, akiwa Waziri, wenye kazi na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini, ulioeleza jinsi ugomvi wa mshahara utakavyosikilizwa kabla ya watu kuweka chini zana zao. Katika kazi zote za serikali ile ya mseto hii ni moja ya chache zilizoishi zaidi ya serikali yenyewe.

Wengine waweza kutajwa kwa ufupi. Bwana Lawrence Sagini wa KANU alikuwa Waziri wa Elimu, na Bwana Bruce McKenzie, mkulima Mzungu aliyejiunga na KANU, alishika Makao ya Mashamba na Maji, wakati ule mpango wa kuwagawia Waafrika ekari milioni moja za mashamba ya Wazungu ulipoanza. Kwa upande wa KADU Bwana Masinde Muliro alikuwa na Biashara na Viwanda, Bwana Taita Towett Ardhi na Upimaji, Bwana Wilfrid Havelock Kilimo, na Bwana Daniel arap Moi, aliyekuwa mwalimu naye, Serikali za Mitaa. Ulinzi na Sheria zilibaki kwa maofisa wa Gavana. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Gavana mwenyewe, Sir Patrick Renison, ambaye mwaka 1960 alikuwa amemwita Kenyatta hadharani kiongozi wa giza na mauti. Sasa walitazamana wakipitisha makabrasha.

Kazi za kila siku zilikwenda vizuri kuliko watu walivyotazamia. Nchi ilikuwa imetoka katika mafuriko makubwa ya mwisho wa 1961, njaa ilikuwapo sehemu nyingi, na chakula cha msaada hakiulizi kadi ya chama. Ugomvi ulirudi kila Katiba ilipowekwa mezani. Majimbo yatakuwa mangapi? Mipaka ipite wapi? Nani atawalipa polisi? Kamisheni ya Mipaka ilizunguka nchini kusikiliza wazee, na mwisho wa 1962 ikatoa taarifa yake. Katika KANU kwenyewe Bwana Paul Ngei alijitenga akaunda chama chake. Maneno yaliyoshindikana yalirundikana hata yakawa mzigo, na mwanzo wa 1963 Waziri wa Makoloni mpya, Bwana Duncan Sandys, alikuja Nairobi akayaamua mwenyewe moja moja.

Mombasa ilikuwa na shauri lake la pekee, zito kuliko majina ya mawaziri. Kisiwa na ukanda wote wa Pwani, maili 10 kutoka maji kujaa kwenda bara, havikuwa koloni kwa sheria. Vilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, iliyokodishwa kwa Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895 kwa malipo ya Pauni 17,000 kila mwaka, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea Ngomeni. Sasa ikiwa Mwingereza anaondoka, mali ya kukodi humrudia nani? Wako waliosema Mwambao ujitawale wenyewe, na wako waliotaka urudi kwa Sultani. Wengine, nao walikuwa wengi, walisema ardhi hii ni Kenya na haiwezi kukatwa.

Sir James Robertson alitumwa kulichunguza shauri hilo mwaka 1961, na mwezi wa Desemba akatoa rai yake: ukanda uunganishwe na Kenya, ila dini, mahakama za Kadhi na haki za ardhi zilindwe. Mwezi wa Machi 1962, wakati KANU na KADU wakibishana Lancaster House, kulikuwa na mkutano mwingine wa Pwani papo hapo London, na wajumbe wa Mwambao, miongoni mwao Sheikh Abdillahi Nassir, walikwenda kutetea neno lao. Hawakupata walilolitaka. Serikali ya Uingereza haikukubali dola ndogo yenye bandari kuu ya Afrika Mashariki na isiyo na nchi nyuma yake.

Hapo ndipo cheo cha Bwana Ngala kilipopata uzito kwa watu wa Pwani. Yeye hakuunga mkono kujitenga kwa Mwambao. Alitaka Jimbo la Pwani ndani ya Kenya, lenye Baraza lake Mombasa, likizishika pamoja wilaya za Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita, Tana River na Lamu, ili Mgiriama wa Ganze na Mswahili wa Mji wa Kale wawe chini ya paa moja, wala si chini ya Sultani wala chini ya Nairobi. Kwa baadhi ya Waislamu wa mjini hilo lilikuwa afadhali ya yote mawili. Wengine walilitazama kwa shaka, kwa kuwa katika jimbo hilo wao pia wangekuwa wachache.

Kulikuwa na kundi jingine ambalo halikulala vema. Wengi wa makuli wa bandari, watu wa reli, na wachuuzi wa sokoni walitoka bara: Wajaluo, Wakamba, Waluhya, Wakikuyu. Neno majimbo lilipotamkwa mkutanoni wao walisikia neno jingine, yaani kurudishwa kwao. Viongozi wa KADU walikana kwamba ndiyo maana yake, lakini si kila msemaji mdogo jukwaani alikuwa mwangalifu kama viongozi wake. Mwenye meza ya viazi Marikiti, aliyekuwa akipokea magunia kutoka Kiambu na kuuza kwa mama wa Kibokoni, alikuwa na haki ya kuuliza kama leseni yake itatolewa na Jimbo, na kama Jimbo litamhesabu kuwa mtu wake. Kwa hiyo KANU ilikuwa na nguvu kisiwani hata pale KADU ilipotawala mashamba yote ya ng'ambo.

Uchaguzi wa Mei 1963 uliumaliza mseto. KANU ilishinda, na tarehe 1 Juni Mzee Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Mawaziri wa KADU walitoka wote. Lakini katika majimbo 3, yaani Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, KADU ndiyo iliyopata Mabaraza, na Bwana Ngala akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani, huku akiwa Kiongozi wa Upinzani huko Nairobi. Mtu mmoja alikuwa na viti viwili vilivyoachana maili 300, na gari la moshi la usiku kucha katikati yake.

Madisii walipewa jina jipya, wakaitwa Wajumbe wa Serikali ya Jimbo. Karani aliyekuwa akiandika "Province" alijifunza kuandika "Region" kwenye bahasha zile zile. Zaidi ya hayo, mabadiliko hayakuwa mengi. Baraza la Jimbo lilikuwa na haki nyingi katika Katiba na fedha kidogo katika sanduku, na Serikali ya Nairobi haikuwa na haraka ya kukabidhi kazi ambazo sheria ilisema zikabidhiwe. Tarehe 8 Oktoba 1963 yalitiwa sahihi mapatano yaliyoumaliza usultani wa Pwani. Mzee Kenyatta na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikuwa wameandikiana barua: Kenya itaulinda uhuru wa dini, itazidumisha mahakama za Kadhi, na itaziheshimu hati za ardhi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba Kenya ikawa huru.

Muda wa mwaka mmoja kutoka hapo majimbo yalidhoofika, na wajumbe wa KADU wakaanza kuhamia upande wa Serikali, leo mmoja, kesho wawili. Tarehe 10 Novemba 1964 Bwana Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na watu wake wanajiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, na Katiba yake mpya ikayapokonya majimbo nguvu zilizokuwa zimesalia.

Waliokaa katika Baraza lile la 1962 walikwenda njia mbalimbali. Bwana Mboya aliuawa Nairobi Julai 1969. Bwana Moi, yule wa Serikali za Mitaa, alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1967 na Rais kwa miaka 24 tangu 1978. Bwana Ngala alirudi katika uwaziri mwaka 1966, akapewa Ushirika na Huduma za Jamii, akaendelea kuwa waziri mpaka Desemba 1972, alipopata ajali ya gari barabara ya Mombasa na kufariki siku ya Krismasi.

Kenya haikuona tena mseto wa vyama vikubwa vilivyogombana mpaka mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Rais Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga, mwana wa yule aliyeachwa nje mwaka 1962, walipogawana serikali. Safari ile mizani ilijaa kupita kiasi: mawaziri walifika 40, na hakuna aliyepewa Mambo ya Katiba kwa ubia kama Kenyatta na Ngala. Lakini wakati wa serikali hiyo ndipo ilipopitishwa Katiba ya 2010, yenye kaunti 47 na mahakama za Kadhi ndani yake. Kaunti za Pwani ni 6: Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita-Taveta, Tana River na Lamu, ndizo zile wilaya 6 za Jimbo la Bwana Ngala, isipokuwa sasa kila moja ina Gavana wake na sanduku lake. Ushuru wa Marikiti hulipwa kwa Kaunti ya Mombasa, na mwenye meza ya viazi angali akipokea magunia yake kutoka bara.